Ramani ilisema barabara ipo

Najua nimepotea humu. Kisa hiki nimekianza mara tatu na mara tatu nikakifuta, kwa sababu hakinipi sifa. Ni cha masika ya 2024, na kinahusu programu niliyoiandika mwenyewe nikajivunia, halafu nusura imzamishe rafiki yangu. Leo nakimaliza, stima ikiwepo au isiwepo.

Tuanze nyumbani, Umoja. Mimi na jamaa yangu tumekulia koti moja, tukacheza mpira wa karatasi uwanja mmoja. Yeye hufunga kompyuta na nyaya za mtandao mashuleni, mimi huandika programu. Alipata kazi katika shule moja Lamu, aanze Jumatatu moja mapema Mei. Nikamwambia, kwa nini usiondoke wiki mbili kabla, tubebe mabegi mgongoni tuifuate pwani yote kutoka Diani mpaka Lamu, kwa matatu, kwa basi, kwa miguu? Msimu wa mvua vyumba ni bei ya kutupa. Akaniuliza, "Na barabara?" Nikamjibu, barabara niachie mimi.

Nilikuwa nimeshaandaa mtambo wangu, unaona. Nilipakua data ya OpenStreetMap ya pwani nzima. Kwa asiyeijua, hiyo ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, inachorwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kuichukua bure. Ndani yake barabara si picha. Kila njia panda ni nukta, kila kipande cha barabara kati ya nukta mbili ni mstari, na kila mstari nikaupa uzito, yaani dakika za kuupita. Ukishakuwa na hayo, kanuni aliyoichapisha Dijkstra mwaka 1959 inakutafutia njia yenye jumla ndogo ya dakika. Mimi nikaongeza utamu wangu: kila asubuhi tukipata mtandao, programu inachota utabiri wa hali ya hewa. Penye mvua uzito unapanda, mstari unageuka mwekundu. Penye jua unabaki kijani.

Ramani yote ilikaa ndani ya simu. Na hapa niseme jambo ambalo huwa naulizwa sana: GPS haili bando. Simu haitumi kitu chochote angani. Inasikiliza tu setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,000, inapima ishara imechukua muda gani kufika, na ikipata setilaiti nne inajua ulipo. Unaweza kuwa porini bila mtandao wowote na ile nukta ya bluu bado inakufuata.

Basi tukaondoka. Diani katika mvua ni mahali pengine kabisa. Upepo wa kusi umeanza, mwani umerundikwa ufuoni, mashua ndogo zimevutwa juu, na wale vijana wa kukuuzia shanga hawapo. Tulivuka Likoni tumelowa mpaka chupi. Kilifi ilinyesha siku mbili bila kupumzika, tukashinda kwa kinyozi mmoja tukichaji simu kwenye tundu la mashine zake, kila simu shilingi ishirini. Nilikuwa nimefunga laptopu kwenye mifuko mitatu ya nailoni na bado nilikuwa naifungua kila saa kuipapasa kama mtoto mwenye homa.

Kila jioni mama alikuwa akipiga. "Baba, mmekula?" Kisha ananipa habari za mvua ya Nairobi, ambazo nilizisikiliza nusu sikio. Baada ya ule usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, Mathare ilipofurika na watu wakafa, sauti yake ilibadilika. Alisema maji yameingia kwenye koti, ameweka viatu vyote juu ya meza. Nikampa pole, nikamwambia huku Kilifi leo kuna jua. Nilidhani namtuliza.

Malindi tukachukua matatu kwenda kuona daraja la Sabaki, upande wa kaskazini mwa mji. Sijawahi kuona maji ya namna ile. Kahawia nzito kama chai ya maziwa, magogo yanapita, chupa za plastiki zinapita, na mbele huko bahari yenyewe imegeuka rangi. Jamaa yangu akaegemea ukingo akacheka. "Hizo chupa ni zetu." Hakuwa anatania sana. Mto Nairobi hupita Dandora. Mto Ngong hupita Mukuru kisha huungana nao, wote huingia Athi, Athi hubadilika jina kuwa Galana, na Galana hufika baharini hapo ukiitwa Sabaki. Maji yaliyomfanya mama aweke viatu mezani yalikuwa yanapita chini ya miguu yetu, siku kadhaa baadaye, kwenye jua kali.

Nilipiga picha. Nilisema hata neno la kijanja kuhusu ucheleweshaji wa pakiti kwenye mtandao. Kisha nikarudi chumbani, nikachota utabiri wa kesho wa Garsen na Witu: jua. Mistari yote kijani. Saa 3 na nusu mpaka Mokowe, pale mtu anapopanda boti ya Lamu.

Mtu mwenye akili angekuwa ameshaona ninakoelekea. Mimi sikuona.

Basi lilitoka Malindi alfajiri. Makanga alituonya tangu kituoni kwamba nauli ni ya mpaka maji, si ya mpaka Mokowe. Nikamwonyesha simu. Akasema sawa, bosi, akaendelea kukusanya pesa. Tulipita Garsen, tukakunja Minjila kuelekea Witu, na karibu na Gamba basi likasimama. Mbele yetu hakukuwa na barabara. Kulikuwa na ziwa, lililotulia kwa mbali na linalokimbia ukiliangalia vizuri, na ng'ambo yake lami inatoka tena majini kama ulimi. Jua lilikuwa linachoma. Hapakuwa na wingu.

Vijana walikuwa wakivusha watu kwa mitumbwi, na foleni ilikuwa ndefu. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya jerikani. Nikamwamkia, nikamuuliza mvua imenyesha lini hapa.

"Marahaba. Hapa haijanyesha, mwanangu. Hayo maji ni ya juu. Kesho yatazidi."

Nikamwonyesha ramani, mstari wa kijani na nukta yetu ya bluu juu yake. Aliangalia kwa adabu. "Barabara naijua, baba. Ipo. Iko chini."

Watu walikuwa wakivuka kwa miguu sehemu ya mwanzo, maji magotini. Nilikadiria mita 400. Nikamwambia jamaa yangu tutembee, lami iko chini yetu, nukta itatuweka katikati ya barabara. Yeye alitaka tungoje mtumbwi. Nikamwambia tutachelewa boti, wewe ndiye mwenye kazi Jumatatu. Haya maneno nayakumbuka vizuri kuliko mengi niliyowahi kusema. Akatangulia kwa sababu ni mrefu, mimi nyuma na simu mkononi, nikimwambia kushoto kidogo, kulia kidogo.

Sasa hesabu ambayo sikuifanya. Simu ya kawaida, kwenye uwazi, hukosea kama mita 5. Barabara ile ina upana wa mita saba hivi. Kwa hiyo nukta ikiwa katikati kabisa ya mstari, mguu wako unaweza kuwa mtaroni. Halafu mstari wenyewe ulichorwa na mtu aliyeangalia picha ya setilaiti ya kiangazi. Hakuna aliyeichora ile sehemu ambayo maji yalikuwa yamekula lami usiku uliopita.

Alikuwa hapo, kisha hakuwa hapo. Niliona begi lake likigeuka, kisha sikuliona. Sikupiga hata kelele, nilisimama tu na simu yangu. Kijana mmoja kwenye mtumbwi alimrushia upondo, akaukosa, akaushika mara ya pili kiasi cha mita ishirini chini ya pale alipozama. Walimvuta kama samaki. Alikuwa amechanika mundi wa mguu mpaka nyama nyeupe, na alitapika maji mekundu ambayo nilidhani ni damu, kumbe ni udongo tu. Begi lenye koleo, vipima nyaya na kila kifaa alichonunua kwa miaka sita lilikwenda na Tana.

Yule kijana hakunitukana. Aliniuliza, "Wewe ulikuwa unamwonyesha njia?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaenda kubeba abiria wengine.

Baadaye nilisoma kwamba maji yanayokimbia ya kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 huweza kubeba gari dogo. Nilisoma pia mambo ambayo mtoto wa shule anayajua: Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000, unaanzia Aberdare na Mlima Kenya. Njiani kuna mabwawa matano ya umeme, na la juu kabisa ni Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Masika yale Masinga lilijaa likamwagika. Mvua ya Nyeri na Murang'a inashuka kwa siku nyingi na kufika Gamba kwenye jua kavu. Barabara hiyo hiyo ilikuwa imekatika kwa mafuriko Novemba 2023 pia, yaani miezi sita tu kabla. Programu yangu iliuliza mbingu zilizo juu ya barabara, na haikujua kabisa kwamba kuna mto.

Tulirudi Malindi, akashonwa. Siku mbili hakusema nami zaidi ya "maji" na "dawa". Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kiligonga kisiwa cha Mafia, huko kwetu tukapata upepo na mawimbi. Na ile kazi ya Jumatatu? Serikali ilikuwa imeahirisha kufunguliwa kwa shule nchi nzima kwa sababu ya mafuriko. Hatukuwa tunachelewa chochote.

Kinachoniudhi ni kwamba mimi ni mtoto wa Eastlands. Nimelelewa na matatu. Mvua ikinyesha, dereva wa 58 haangalii ramani; anasimamisha mwenzake anayetoka mbele, wanasemezana sekunde tatu, na anakata njia ya panya. Hata ile ramani ya Digital Matatus ya mwaka 2014, yenye njia zaidi ya 130, wanafunzi waliipata kwa kupanda matatu wakiwa na simu mfukoni, kwa sababu maarifa yalikuwa ndani ya gari. Dar es Salaam nako, tangu 2015, Ramani Huria walizunguka mitaani wakiuliza wenyeji maji hufika wapi, kisha wakayaandika kwenye OpenStreetMap. Mimi nilikuwa na mzee juu ya jerikani, bure kabisa, nikamwonyesha skrini.

Programu nimeibadilisha. Sasa inajua kila barabara inavuka mto gani na mto unatoka wapi, na inaangalia mvua ya huko kwa siku kumi zilizopita. Pia kila kipande kina sehemu mbili mpya: nani alipita mara ya mwisho, na lini. Ikizidi saa 24 wakati wa masika, mstari unakuwa kijivu. Kijani nimeifuta kabisa.

Jamaa yangu nilimlipia vifaa kwa awamu, ya mwisho mwaka jana. Lamu alienda baadaye bila mimi. Wiki iliyopita ana safari ya Hola, akaniomba nimtumie ile programu. Nikamtumia. Baada ya dakika kumi akapiga: "Mistari yote ni kijivu."

Nikamwambia ndiyo, na namba ya makanga iko hapo chini.