Panga la dada na shoka la mzee

Mfanyakazi mmoja wa shirika alinionyesha kwenye simu picha za likizo yake kisiwani Malta. Mji wa Mdina: kuta za mawe yenye rangi ya asali, vichochoro vyembamba. Akaniuliza, "Na huku Koboko, mji wa kale uko wapi?" Nikacheka. Koboko, bwana! Lami yenyewe ni ya juzi.

Wiki hiyohiyo dada yangu alikwenda kuokota kuni, akarudi Lobule bila kuni na bila panga. Kijana wa mzee jirani yetu, Mkakwa mwenye shamba, alimnyang'anya. Ati miti hiyo si ya Kongo. Nilikwenda kwa mzee nimewaka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Alhamisi nakwenda Arua kutibiwa macho. Unisindikize, mwanangu."

Tukabanwa kwenye taksi, Koboko, Maracha, mpaka Arua. Baada ya hospitali nilidhani tunarudi. Yeye akaita boda: "Ombaci."

Ombaci ni misheni ya Wakatoliki, nje kidogo ya mji. Amin alipoanguka 1979, hasira za askari wa serikali mpya ziliwashukia watu wa West Nile, maana Amin alihesabiwa mtu wa huku. Wengi walikimbilia Zaire na Sudan. Wengine walijificha misheni, wakiamini risasi hazifiki huko. Tarehe 24 Juni 1981 zilifika. Leo pana kaburi la pamoja na mnara wa kumbukumbu.

Mzee aliupapasa mnara kwa viganja, polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Mdogo wangu alikataa kuvuka mpaka. Mimi nilivuka. Nimekaa kwenu Ingbokolo miaka sita."

Ingbokolo! Ndiko bibi alikonilea. (Na mpaka wenyewe una umri gani? Huku kulikuwa kwa Leopold hadi 1910, kukawa Sudan, 1914 kukaingizwa Uganda. Wakakwa wakabaki pande zote.)

"Mliishije, mzee?"

"Tulilima. Watu wa kwenu walitupa vijiti vya muhogo vya kupanda. Na siku moja wakaninyang'anya shoka, ati nimekata mti wao."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikujua nicheke au ninyamaze. Nilikuja na kesi ya panga, sasa na mimi nadaiwa shoka.

"Walilirudisha?"

"Baada ya miezi miwili. Butu kabisa."

Hatukusema mengine mpaka Koboko. Yule wa shirika nimeshamwambia: ukitaka mahali pa zamani, chukua boda uende Ombaci, na ukienda uende na mzee. Ameandika kwenye daftari.

Panga bado halijarudi. Jana jioni, nikipita nyuma ya boma la mzee, nilimsikia kijana akinoa kitu kwenye jiwe.