Kalemie mpaka Lubumbashi: hesabu ya mlango hadi mlango

Darasani ninawapa watoto wa mwaka wa sita hesabu hii: kutoka uwanja wa ndege wa Kalemie mpaka ule wa Luano, Lubumbashi, ni karibu kilometa 660 kwa mstari ulionyooka. Ndege inayokwenda kilometa 440 kwa saa itatumia muda gani? Wanagawanya, wanajibu: saa moja na nusu. Ni sahihi. Nami niliiamini hesabu hiyo mpaka siku niliposafiri na mama yangu.

Mama ana ugonjwa wa sukari, alitumwa Lubumbashi kutazamwa macho. Gari moshi tuliliacha, maana reli inazunguka kwa Kabalo na Kamina, zaidi ya kilometa 1,000, na macho ya mama hayakuweza kungoja.

Tulitoka Katanika saa kumi na moja alfajiri kwa pikipiki mbili, na mfuko wa ndakala za mdogo wangu. Mama alikuwa amekwisha kunywa dawa yake. Saa mbili mizigo ikapimwa, ikachukuliwa. Saa nne tukaambiwa tungoje. Saa sita, bado. Mkononi tulikuwa na mkate mmoja tu, nao ulikwisha mapema, kwa sababu mimi mwalimu nilihesabu saa moja na nusu. Dawa za jioni zilikuwa ndani ya valizi, na valizi haikuwa tena mikononi mwetu.

Saa saba mama akaanza kutoka jasho na kutetemeka. Mama mmoja tusiyemjua aliona, akatupa soda yake na ndizi mbili. Polepole mama akapata nguvu. Mpaka leo ninamwombea yule mama baraka.

Ndege iliruka saa kumi. Ziwa likabaki nyuma, milima ya Marungu ikabaki upande wa mashariki, na saa kumi na moja na nusu tukashuka Luano. Watoto hawakukosea. Lakini tulipobisha hodi kwa mdogo wangu ilikuwa saa moja usiku. Mlango hadi mlango: saa 14.

Basi, ukisafiri na mgonjwa, mtoto mchanga au mwenye mimba, beba chakula na maji ya siku nzima. Dawa, karatasi za hospitali na nguo moja ya mtoto zikae katika mfuko wa mkononi, si katika valizi. Saa ya Lubumbashi ni sawa na ya kwetu. Anayekwenda Kinshasa, karibu kilometa 1,540, akumbuke kwamba kule saa iko nyuma: kwetu ikiwa saa sita, kwao ni saa tano. Aulize muganga mapema namna ya kupanga saa za dawa.

Siku hizi hesabu yangu ina swali la pili: je, chakula cha njiani kitoshe saa ngapi?