Kizibo cha boti

Wadau, Jumamosi moja nilipanda boti ya alumini kutoka Kunduchi kwenda Mbudya. Katikati ya safari nikashtukia maji yamefika vifundoni. Kizibo cha nyuma kimechomoka! Nahodha akasokomeza fulana yake tunduni, abiria tukafua maji kwa ndoo. Mama mmoja alimkumbatia mwanawe bila kusema neno.

Tuliporudi, fundi akanieleza: kizibo kilikuwa cha shaba. Shaba na alumini vikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Meno ya tundu yalikuwa yamekwisha. Bora kizibo cha plastiki, kisuuzwe kwa maji baridi, mpira wake ukichakaa ubadilishwe, na cha akiba kiwemo botini.

Siku hizi naulizia kizibo kabla ya nauli.