Lowell, mji wa kufuma na kufua

Mji wa Lowell uko katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwendo wa chini ya saa moja kwa treni kutoka Boston. Mgeni anayeshuka hapo ataona mambo mawili kabla jua halijatua. La kwanza ni majumba marefu ya matofali mekundu yaliyokuwa viwanda vya nguo, yamejipanga kando ya mto Merrimack na mifereji yake. La pili, akiingia mitaa wanamokaa watu wa kawaida, ni wanaume kwa wanawake waliojitwika mafurushi ya nguo kama watu wanaohama. Hawahami. Wanakwenda kufua.

Kwetu Nairobi nguo hufuliwa uani, bafuni au kwenye roshani ya fleti, karai moja la povu na jingine la kusuuzia. Kule Lowell, kama katika miji mingi ya Marekani, wapangaji wengi hawana nafasi hiyo. Nyumba nyingi ni za mbao, za ghorofa tatu, kila ghorofa na familia yake. Wenye nyumba wengi hawapendi mpangaji alete mashine ya kufulia, maana mabomba ni ya kale na maji yakifurika kwa jirani wa juu humnyeshea wa chini. Na hata ukivumilia ukafulia katika beseni la kuogea, utaanika wapi? Mwezi wa Januari baridi hushuka chini ya sufuri na shati lililoanikwa nje hukakamaa kama ubao.

Basi watu huenda kwenye dobi la kujifulia. Naliita dobi kwa kukosa jina bora, ingawa dobi tuliyemzoea sisi ni mtu, na neno lenyewe limetufikia kutoka Bara Hindi, ambako huitwa hivyo watu ambao kufua ndiyo kazi yao. Dobi la Lowell halina mtu. Ni ukumbi mrefu wenye madirisha ya vioo, mashine za kufulia zimepangwa safu kwa safu, na ukutani zimepandana mashine za kukaushia, zikizungusha nguo mbele ya macho ya kila mpita njia. Kuna televisheni ambayo hakuna anayeisikiliza, viti vya plastiki, meza pana za kukunjia, na tangazo kwamba mwenye dobi hatalipia nguo iliyopotea.

Kazi huanza na sarafu. Mashine za kizamani hazili ila sarafu ya senti 25, na ndiyo sababu mwanafunzi kutoka Kenya hujifunza mapema kuzikusanya katika kopo kama mtoto anayeweka akiba. Ukutani kuna mtambo unaomeza noti na kutapika sarafu. Siku hizi madobi mengi yamehamia kwenye kadi na simu, lakini kopo halijaisha majumbani.

Baada ya hapo unachambua nguo, nyeupe kando na za rangi kando. Leso mpya kutoka Mombasa imewaadhibu wengi. Ikiingia pamoja na mashati meupe katika maji moto, mashati hutoka yote yana rangi ya waridi, na hakuna wa kumlaumu. Mashine haionji maji kwa kidole kama afanyavyo mama. Sabuni nayo ina siri yake. Sisi tumelelewa kuamini kwamba pasipo povu hakuna usafi, ilhali mashine hizi za mlango wa mbele hutumia maji kidogo na sabuni kidogo. "Shangazi, hiyo yatosha," nilimsikia kijana mmoja wa chuo akimwambia mama wa Kikenya aliyekuwa akiendelea kumimina. "Mwanangu," akajibiwa, "mimi nimefua tangu mama yako hajakuzaa." Kijana akanyamaza, kwa adabu. Muda si muda kioo cha mashine kikajaa povu tupu, na nguo zikatoka zinateleza kama kambare. Ikabidi zirudishwe, kwa sarafu nyingine.

Kufua huchukua nusu saa hivi. Kisha unazihamisha nguo kwa kigari cha magurudumu hadi kwenye mashine ya kukausha, ambayo huuza joto kwa dakika: sarafu moja, dakika kadhaa. Ukikosa sarafu ya mwisho unarudi nyumbani na suruali za jinzi zenye unyevu kiunoni. Ukitoka nje kwenda kununua chai na mashine ikamaliza nyuma yako, anayesubiri ana ruhusa, kwa desturi ya mahali hapo, kuzitoa nguo zako na kuziweka mezani. Fedheha iliyoje kurudi na kukuta nguo zako za ndani zimetandazwa mbele ya kadamnasi na mtu usiyemjua hata kwa jina!

Hapo ndipo penye ugumu kwa watu wetu, na wala si sarafu. Mabinti wengi wa Kenya wamefunzwa kwamba nguo za ndani hufuliwa faraghani na kuanikwa chini ya leso ili baba au mgeni asizione. Dobi la kioo halina faragha hiyo. Na kuna suala la wakwe. Mtoto akizaliwa ughaibuni, mara nyingi bibi husafiri kutoka Kenya kuja kumsaidia bintiye kulea. Mama mzazi haruhusiwi kubeba mizigo, kwa hiyo mkwe wa kiume ndiye wa kupeleka nguo. Je, atazitia nguo za mama mkwe pamoja na zake katika mashine moja? Wengi huona afadhali kulipia mashine mbili. Mmarekani anayetazama hudhani ni ubadhirifu, kumbe ni heshima, na heshima kule hulipiwa robo dola robo dola.

Lakini jambo lililonikaa moyoni zaidi ni wanaume. Wakenya wa Lowell, ambao wengi wao walianza kuwasili miaka ya 1990, hufanya kazi za zamu. Wengi wako hospitalini na katika nyumba za kutunzia wazee, na mke na mume hupishana mlangoni, mmoja akitoka zamu ya usiku na mwingine akiingia ya mchana. Siku ya kufua haimngoji mke. Utamkuta mzee wa makamo, aliyeoa na kukaa Kenya miaka ishirini bila kushika karai, amesimama mbele ya meza akikunja shuka kwa pembe nne kama askari anayekunja bendera. Hakuna anayemcheka, kwa kuwa wa kushoto kwake, aliyekuja kutoka Brazili, na wa kulia kwake, Mkambodia, nao ni wanaume na wanakunja vilevile. Nyumbani angejificha. Pale kazi imetolewa jikoni ikawekwa hadharani, ikapewa bei na saa, na kumbe kilichomzuia siku zote hakikuwa mikono.

Nasema hivyo bila kulipamba dobi. Anayekwenda pale ni yule asiyekuwa na mashine nyumbani, yaani mpangaji, na kwa mwaka mzima yeye hulipa zaidi kwa kila shati kuliko mwenye nyumba aliyeko vitongojini mwenye mashine yake chini ya ngazi. Mkupuo mmoja wa nguo za familia, kufua na kukausha, huweza kummaliza mtu fedha ambazo Nairobi zingemlipa mama fua kutwa nzima. Tena joto lile la kukaushia hutokana na gesi au umeme, hata wakati wa kiangazi jua linapowaka nje bure. Katika baadhi ya mitaa ya Marekani kamba ya nguo ilipigwa marufuku kwa madai kwamba inaharibu sura ya mtaa, hata jimbo la Vermont likalazimika kupitisha sheria mwaka 2009 ya kulinda haki ya mtu kuanika nguo zake!

Inafaa kukumbuka pia kwamba Massachusetts na pwani yetu vilijuana kwa nguo zamani sana kabla ya wanafunzi hawa. Lowell ulianzishwa kwa ajili ya kufuma. Maporomoko ya Pawtucket, yenye kina cha kama mita kumi, yaliyasukuma magurudumu ya viwanda, na kiwanda cha kwanza kikubwa kilianza kazi mwaka 1823. Wafumaji wa mwanzo walikuwa wasichana waliotoka mashambani, wakalazwa katika mabweni ya kampuni na kuamshwa kwa kengele. Mwaka 1834 na tena mwaka 1836 waligoma. Pamba waliyoifuma ilivunwa na watumwa weusi wa majimbo ya Kusini.

Vitambaa vya viwanda vya Massachusetts, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, vilipakiwa merikebuni huko Salem na kupelekwa Unguja, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Merikebu zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Watu wa pwani wakakiita kitambaa kile marekani, na jina hilo limo katika lugha yetu mpaka leo. Kilivaliwa, kikafanyiwa fedha za safari za bara, na kikafanywa sanda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 viliikausha pamba, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikachukua nafasi. Kule Lowell mitambo ilianza kunyamaza miaka ya 1920. Leo kiwanda cha Boott ni makumbusho. Mgeni huwashiwa mitambo ya kufumia, naye hupewa vizibo vya masikio, kwa kishindo chake. Kutoka hapo hadi dobi lenye Wakenya ni mwendo wa miguu.

Dobi la kujifulia lenyewe si la kale hivyo. Mwezi wa Aprili mwaka 1934, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, mtu mmoja mjini Fort Worth, Texas, alifungua chumba chenye mashine nne za umeme akazikodisha kwa saa kwa watu wasioweza kununua zao. Uingereza ilipata la kwanza mwaka 1949, London. Kabla ya hapo, Marekani pia ilikuwa na mama fua wake. Mjini Atlanta, Georgia, wanawake weusi ndio waliofua nguo za mji, nyumbani mwao wenyewe. Julai mwaka 1881 kama ishirini kati yao waliunda chama, wakagoma wakidai dola moja kwa kila ratili 12 za nguo. Katika muda wa wiki tatu walifika 3,000 hivi. Baraza la mji likataka kuwatoza leseni ya dola 25 kila mmoja. Wakamwandikia meya kwamba wako tayari kuilipa, mradi kazi ibaki mikononi mwao. Mashine zilipoenea baadaye, hazikuhitaji kuwaandikia meya.

Ndiyo maana siwezi kuyashangilia kwa moyo mmoja madobi ya mashine yaliyofunguliwa Nairobi katika miaka ya karibuni, ambako nguo hupimwa kwa kilo na kurudishwa zimekunjwa. Kijana anayekaa peke yake katika chumba kimoja yamemfaa, hasa katika mitaa ambayo mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki. Mgongo wa mwanamke nao hauna sababu ya kuinamia karai milele. Hata hivyo, huko Eastleigh akina mama huketi kando ya barabara tangu asubuhi wakingoja kuitwa kufua, na fedha za siku hiyo ndizo unga wa jioni hiyo. Lowell inayo kazi nyingine ya kumpa mama asiyefua. Kazi hiyo ni ngumu na ya usiku, lakini ipo. Eastleigh mama asipoitwa hurudi nyumbani kama alivyokuja.

Anayeitwa huingia uani, akaomba karai la pili, akalitazama rundo kwanza kabla ya kugusa maji. Bei hupatanwa pale pale mlangoni, kwa ukubwa wa rundo, na mablanketi huhesabiwa kando.