Jatiluwih, Kijiji cha Majaruba

Safari hii twawaalika kwenda pamoja nasi ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika nchi ya Indonesia. Mwalimu mwenye ramani ukutani na awaonyeshe watoto: visiwa vingi mno vimetandazwa toka magharibi hata mashariki, kama shanga zilizokatika uzi, na kati yao kimo kisiwa kidogo kiitwacho Bali. Watu wa visiwa hivyo si wageni kabisa kwa upande wetu wa bahari. Zamani sana baadhi ya wazee wao walivuka maji haya wakafanya makao Madagaska, na lugha ya Madagaska ni ndugu ya lugha za huko mpaka leo.

Tuliondoka mji wa Denpasar alfajiri, na baada ya mwendo wa motokaa wa saa mbili hivi tukafika kijiji cha Jatiluwih, kilicho miguuni pa mlima Batukaru, yapata mita 700 juu ya bahari. Mlima wenyewe una mita 2,276, na kilele chake hupenda kujificha mawinguni. Mteremko wote chini yake umekatwa ngazi ngazi; kila ngazi ni jaruba la mpunga, na kila jaruba lina ukingo wake wa udongo na maji yake. Ngazi hizo zilichimbwa kwa mikono na majembe, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliyatia majaruba haya, pamoja na mengine ya Bali, katika orodha ya urithi wa dunia.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mkulima. Kwa adabu ya huko mwanamume mzima huitwa Bapak, maana yake baba. Nasi tukamwita vivyo hivyo. Alitutangulia pekupeku juu ya kingo nyembamba, sisi tukimfuata huku tukiyumba kama watoto wanaojifunza kutembea. Kwanza alituonyesha gogo lililolazwa kukata mfereji. Katika gogo hilo zimechongwa pengo, nyingine pana, nyingine nyembamba, na maji hupita humo yakagawanyika. Mwenye shamba kubwa hupata pengo pana, mwenye shamba dogo hupata jembamba. Kila apitaye njia huona kwa macho yake kama mtu amelichokoa gogo usiku ili ajiongezee maji, na mwizi wa maji hutozwa faini.

Chama cha watu wanaotumia maji ya mfereji mmoja huitwa subak. Desturi hiyo ina zaidi ya miaka elfu moja. Wanachama huchagua mkuu wao, aitwaye pekaseh, hukutana kushauriana, na hutoka pamoja kuzibua mifereji na kutengeneza mabanio. Wabali walio wengi ni watu wa dini ya Kihindu, na kila subak ina hekalu lake, ambapo sikukuu na siku za kupanda hupangwa pamoja. Kwa hiyo kalenda ya ibada na kalenda ya shamba kwao ni jambo moja.

Labda msomaji atauliza, Mtu aliye juu karibu na chemchemi, kwa nini asichukue maji yote atakayo? Sababu ni hii. Mpunga una adui wengi, panya na wadudu. Watu wa juu na wa chini wakipanda kwa wakati mmoja na kuvuna kwa wakati mmoja, majaruba hubaki matupu nchi nzima, na wadudu hukosa chakula wakafa. Lakini watu wa chini wakikosa maji, watapanda wakati mwingine, na wadudu watahama toka shamba hili hata shamba lile pasipo kukoma. Basi mtu wa chini humhitaji wa juu kwa maji, na mtu wa juu humhitaji wa chini kwa ajili ya wadudu. Na baada ya mavuno bata huachiwa majarubani, wakaokota punje zilizoanguka na kula wadudu waliosalia.

Hekima hiyo ilipata kudharauliwa. Katika miaka ya 1970 serikali ilitaka mchele uongezeke upesi, maana watu walikuwa wengi na chakula hakikutosha. Wakulima wakaambiwa wapande mbegu mpya zinazoiva upesi, wapande mara nyingi kadiri wawezavyo bila kungojeana, na watumie mbolea za viwandani na dawa za kuua wadudu. Mwanzoni mavuno yakaongezeka kweli. Baadaye kukawa na ugomvi wa maji, na wadudu wadogo wa rangi ya kahawia wafyonzao mashina wakaenea, kwa kuwa dawa zilikuwa zimewaua hata buibui waliokuwa wakiwala. Mwaka 1986 serikali yenyewe ilikataza aina 57 za dawa zisitumiwe katika mpunga. Mtaalamu mmoja Mmarekani, J. Stephen Lansing, aliyeichunguza Bali kwa miaka mingi, alionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba mpango wa zamani wa kupanda kwa zamu ndio uliofaa. Wakulima wengi walikuwa wamekwisha kuurudia.

Jatiluwih hawakuiacha mbegu yao ya asili, mpunga mwekundu, wenye mabua marefu. Huo hukaa shambani muda wa miezi mitano au sita, hali mbegu mpya huiva kwa miezi mitatu au minne. Hata hivyo mchele wake hupendwa na hupata bei nzuri, na chai yake, ya punje zilizokaangwa, tulinyweshwa nyumbani kwa Bapak.

Tulipokuwa tukinywa, tulimwuliza habari za watoto wake. Desturi ya Bali ni kuwaita watoto kwa kufuata zamu ya kuzaliwa: wa kwanza huitwa Wayan, wa pili Made, wa tatu Nyoman, wa nne Ketut; wa tano akizaliwa, majina huanza tena. Lakini tangu serikali ilipowahimiza watu kuzaa watoto wawili tu, akina Nyoman na Ketut wamepungua. Bapak naye ana wawili. Wa kwanza ni mpishi katika hoteli pwani. Wa pili hufanya kazi katika meli ya watalii, huja nyumbani mara moja kwa mwaka. Shamba halifiki hekta moja. Mshahara wa hoteli wa mwezi, alisema mzee, hauna panya wala ukame.

Watalii hufika Jatiluwih pia, tena kwa wingi. Mwaka 2024 kijiji kilihesabiwa na shirika la utalii la Umoja wa Mataifa miongoni mwa vijiji bora vya utalii. Fedha yao ni msaada. Lakini wageni huja kutazama majaruba, na uzuri wa majaruba hutengenezwa na mtu aliyeinama matopeni. Akikosa mrithi, ukingo mmoja utabomoka, na maji yatabomoa wa pili ulio chini yake.

Kisha Bapak akatukumbusha mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipofunga njia za dunia, hoteli za Bali zilikuwa tupu. Mwanawe mpishi akarudi, akavua viatu, akashika jembe. Miezi ile nyumba haikukosa wali. Milango ilipofunguliwa tena, akarudi pwani. Mzee hamlaumu, ana watoto wa kusomesha. Lakini kila likizo wajukuu huletwa kijijini, naye huwapeleka penye gogo la maji, huwafundisha kusoma zile pengo kama vile mwalimu afundishavyo herufi.

Jioni tulipoaga, Bapak alituuliza neno moja kwa kinywa cha mkalimani wetu: Je, kwenu vijana wanalima? Tulitazamana, tukakawia kumjibu. Swali lake twawaletea ninyi, wazazi na walimu, mlijibu nyumbani kwenu.