Akiba ya Harusi Ilivyotaka Kuishia Kwenye Mguu wa Boti

Mjini watu wanagombana kwa sababu ya simu, ma-ex na wale wanaoitwa "kaka yangu tu". Ugomvi wa hawa wawili ulikuwa wa aina yake. Uligusa mapenzi, ukagusa mkwanja, lakini chanzo kilikuwa mguu wa boti.

Jamaa ana boti ya futi 21 yenye mashine moja ya farasi 200. Wateja wake ni watu wa kula bata wikiendi, anawachukua Kunduchi na kuwapeleka kisiwani Mbudya. Mdada, mchumba wake, ndiye anayeshika daftari: nani kalipa, petroli imeingia lita ngapi, akiba imefika wapi. Akiba yenyewe ilikuwa na jina kabisa. Milioni 9 za harusi ya Desemba, na kila mwisho wa mwezi wote wawili walikuwa wanatupia chao.

Usiku mmoja jamaa akakutana na klipu za boti za Florida, zile zinazopita juu ya maji kama hazigusi chochote. Akaangalia moja, akaangalia kumi. Baada ya wiki akawa ameshampata mtu Sharjah anayeuza mguu wa mashindano uliotumika. Bei, usafiri na ushuru, jumla milioni 6 na nusu.

Kwa wasiojua, mashine ya kupachika nyuma ya boti ina kichwa juu, ndipo injini ilipo, na mguu chini, ndipo gia na propela zinakaa. Shafti inashuka wima kutoka kwenye injini, inakutana na gia ndani ya ule uvimbe wenye umbo la torpido, na nguvu inageuzwa kwenda kwenye propela. Mguu huohuo ndio unaovuta maji ya bahari na kuyapandisha juu kupoza injini. Mguu ukiumwa, mashine nzima inaumwa.

Mguu wa kawaida una pua butu na matundu ya maji pembeni. Unataka kuzama vizuri. Ukiunyanyua sana ili upunguze msuguano, matundu yanatoka nje ya maji, yanavuta hewa, na injini inachemka. Halafu kuna mambo ya spidi kali. Kwenye maili 80 hivi kwa saa, karibu kilomita 130, mapema au baadaye kidogo kutegemea boti, maji yanashindwa kuifuata ile pua butu. Povu linajitengeneza na kutiririka mpaka kwenye propela. Propela inakosa pa kushika ghafla, na boti inaweza kuvuta upande bila kupiga hodi.

Ndiyo maana kampuni kama Mercury Racing zinatengeneza miguu maalumu. Sport Master ni ya boti nyepesi za spidi kali. Umechongwa mbele, na unavuta maji chini, ili mashine iweze kunyanyuliwa mpaka sehemu ya propela inakata hewa. Torque Master umelengwa zaidi kwa boti nzito. Kwa hiyo jamaa hakuwa anaota. Vitu hivyo vipo na vinafanya kazi. Swali lilikuwa kama vinafanya kazi Mbudya.

Hoja yake ilikuwa moja. "Babe, klipu moja tu ikitembea, wikiendi zote zinajaa. Harusi itajilipa yenyewe."

Mdada hakusema hapana. Aliuliza, "Boti yetu sasa hivi inakimbia ngapi?"

"Mia na ushee."

"Imepimwa?"

Kimya.

Jumatatu asubuhi, bahari shwari, wakatoka na mzee mmoja fundi wa Kunduchi, ambaye amefungua mashine nyingi kuliko miaka ya hao wawili ukijumlisha. Boti tupu, petroli nusu tangi. GPS ikagoma kwenye kilomita 95 kwa saa, injini ikiwa mizunguko 5,800 kwa dakika.

Mdada akatoa daftari. Gia ya mguu wao ni 1.75 kwa 1, maana yake injini ikizunguka mara 1.75, propela inazunguka mara moja. 5,800 gawanya kwa 1.75, unapata kama 3,314. Propela yao ni ya inchi 21, yaani kila mzunguko ingesonga mbele inchi 21 kama ingekuwa inakata kitu kigumu. Ukipiga hesabu inakuja kilomita 106 kwa saa. Boti imetoa 95. Upotevu ni kama asilimia 10, jambo la kawaida kabisa. Mguu ulikuwa unafanya kazi yake, na 95 bado ni mbali na 130. Lile tatizo ambalo pua kali imezaliwa kulitatua, wao hawajawahi hata kulisogelea.

Na hapo boti ilikuwa tupu. Ikiwa na wageni wanane, madeli ya barafu na mawimbi ya kusi, daftari lilikuwa linasema wanatembea 45.

Mzee akaongezea la kwake. "Mwanangu, huku tunaegesha kwenye mchanga. Matundu ya maji yakiwa chini vile, kila ukiingia kisiwani unanywa mchanga. Impela ya pampu haikumalizii msimu. Na ukiinyanyua mashine kama kwenye hizo video zako, siku umejaza watu propela itavuta hewa tu, boti inakataa kuamka."

Ukweli ulikuwa mtamu kwa mdada na mchungu kwa jamaa. Njiani akamwambia, "Yaani umeniletea daftari mbele ya fundi?" Wakanuniana siku mbili.

Siku ya tatu likaibuka kubwa zaidi. Mdada alikuwa anafunga hesabu za mwezi, akakuta akiba imepungua milioni 1. Jamaa alikuwa ameshatuma kishika uchumba Sharjah, wiki nzima kabla ya kumwambia mwenzake.

Hapo mguu haukuwa mada tena. Mdada alimwambia maneno machache, kwa sauti ya chini: "Ungeninunulia hata mabaya kwa hela yetu, ningelalamika na kusahau. Kunificha ndiko sikuwezi." Jamaa hakuwa na la kujibu.

Mzee ndiye aliyewarudisha mezani, bila kujua chochote. Alimpigia jamaa simu akampa maswali manne ya kumuuliza muuzaji: uwiano wa gia ni ngapi, unazungusha propela upande gani, shafti ina urefu gani, na mafuta ya gia yana rangi gani. Muuzaji akajibu mawili tu. Moja kati ya hayo lilitosha: mguu unazungusha kushoto, umetoka kwenye boti ya mashine mbili. Propela yao ya kulia isingefaa, wangeanza kutafuta nyingine.

"Sasa njooni na wenu tuuangalie," mzee akasema.

Akafungua skrubu ya chini ya mguu wa boti yao. Mafuta yakatoka kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani. Akatoa propela, akakuta mshipi wa wavuvi umejizungusha kwenye shafti na kukata sili. Wakati wao wananuniana kuhusu mguu wa ndoto, mguu unaowalisha ulikuwa unakunywa maji ya chumvi taratibu. Bahati yao, skrubu yenye sumaku haikuwa na vipande vya chuma, kwa hiyo gia zilikuwa bado nzima. Sili mpya, kipimo cha presha, mafuta mapya: laki 4. Wangeendelea mwezi mwingine, labda wangekwama katikati ya bahari na wageni wanane, wengine hawajui kuogelea.

Muuzaji wa Sharjah amerudisha laki 6 mpaka leo. Laki 4 zilizobaki jamaa ameziandika mwenyewe kwenye daftari, kwa mkono wake, chini ya neno "deni", na kila wikiendi anakata kidogo kwenye posho yake. Harusi bado ni Desemba, ila keki imepungua ghorofa moja.

Klipu za Florida bado anaziangalia. Tofauti ni kwamba siku hizi mdada naye anachungulia pembeni na kuuliza, "Hiyo gia yake ni ngapi?"

Basi wewe mwenye mchumba anayetaka kununua kitu cha kuvimbia mjini, usikimbilie hapana. Muulize kama kimepimwa. Halafu, taratibu, muulize na akiba iko salama.