Kipepeo wa Michungwa Kilimani Mpumudde

Msafiri atokaye mjini Jinja kuelekea kaskazini, akiuacha mto Nile upande wake wa kushoto, hufika baada ya mwendo mfupi katika kilima cha Mpumudde. Maana ya jina hilo ni "nimepumzika". Wengi hulitaja pamoja na Kabalega, Mukama wa Bunyoro, aliyefariki hapo mwezi wa Aprili mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao kutoka uhamishoni Shelisheli. Mimi nilipanda huko kwa kazi ya ofisi, nayo pia ilikuwa Aprili, mvua zikinyesha na kila mti ukichipua upya.

Nyumba niliyofikia ilikuwa ya mke wa askari, ambaye mumewe alikuwa kazini mbali. Nyuma ya jiko alikuwa amepanga miche ya michungwa na milimau ndani ya makopo, akitumaini kuiuza apate karo ya muhula uliofuata.

"Mwalimu," aliniambia (jina hilo halijanibanduka, ingawa niliacha kushika chaki zamani), "tazama jinsi ndege wanavyoichafua miche yangu. Na majani nayo yanakwisha!"

Niliinama nikatazama. Juu ya majani palikuwa na vidoa vyeusi vyenye baka jeupe, mfano halisi wa mavi ya ndege. Nilipokigusa kimoja kwa kijiti, kikajikunja. Hao walikuwa viwavi wa kipepeo ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, na sura hiyo ndiyo ngao yao, kwani hakuna ndege atakaye kula mavi yake mwenyewe.

Jike hutaga yai mojamoja juu ya majani machanga, yai dogo la mviringo, rangi ya manjano iliyofifia. Baada ya siku sita hivi kiwavi hutoka, akaanza kula. Hula mchana na usiku, akijivua ngozi kila inapombana, na katika umri wake wa mwisho huwa wa kijani chenye mabaka ya kahawia, hata ni vigumu kumtenga na jani. Mtoto wa nyumba ile, binti wa miaka minane hivi, alimfinya mmoja mkubwa. Papo hapo zikachomoza nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini za rangi ya machungwa, na harufu kali ikatujia puani. Binti alirudi nyuma akicheka. Siafu na wadudu wengi hawacheki.

Akishiba, kiwavi hujifunga kwenye kijiti kwa mkia na kwa uzi mwembamba kiunoni, akawa bundo lisilotembea, la kijani au la kahawia kufuatana na mahali alipo. Baada ya majuma mawili au matatu hutoka kipepeo mwenye mbawa nyeusi zilizonyunyiziwa manjano, upana wake sentimita 10 hadi 13. Hana mikia nyuma ya mbawa kama walivyo nayo wengi wa jamaa zake, ila ana madoa kama macho yenye nyekundu na buluu. Asubuhi ile nilikuwa nimewaona kadhaa njiani, wametua topeni wakinyonya maji yenye chumvi.

Binti alipofahamu kwamba wale viwavi ndio vipepeo aliokuwa akiwafukuza kila siku, alimsihi mama yake asiwaue. Mama alikuwa amekwisha kuulizia dawa ya kunyunyiza dukani. Nilimshauri aiache, maana makopo yale yalikuwa hatua chache tu kutoka jikoni. Miche michache huhitaji vidole tu: kukagua majani machanga kila asubuhi, juu na chini, na kuokota mayai na viwavi. Mchungwa mkubwa hauumizwi sana na mdudu huyu, lakini mche wa shubiri mbili huweza kubaki kijiti kitupu kwa siku chache.

Tuliokota viwavi ishirini na saba. Mama alimpa binti watano awapeleke kwenye mlimau mzee ulioko mpakani. Waliobaki aliwaponda kwa kandambili, bila kusema neno. Karo ni karo.

Nilipokuwa nikiaga, kipepeo mmoja mweusi na manjano alikuja akizunguka juu ya makopo, akagusa jani hili na lile. Binti alimtazama mama yake. Mama akafungua kitambaa cha kichwani, akampunga taratibu kuelekea mpakani.